Shahidi wa Baiskeli ya Mia

Ouagadougou, Ijumaa, 9 Januari 2004

Kwa mtumwa wangu Prosper Toe,

Salamu zikufikie huko Tougan, wewe pamoja na nyonga yako mbovu. Hujambo? Mama watoto hajambo? Wajukuu wanaendeleaje na shule? Na mbwa wa mtaani kwenu, mwaka huu wamebaki wangapi, au nyinyi Wasamo mmekwisha kuwala wote? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi. Vumbi la jangwani limetuingilia tangu Krismasi na mchana tunawasha taa. Figo zangu zimechoka na kazi. Daktari ananiambia, "Tutaona, Mzee Zoungrana," na mtu aliyefundisha miaka thelathini na minne anajua maana yake mwalimu anapomwambia mtoto "tutaona".

Kila asubuhi binti yangu Azeta ananitoa nje na kuniweka langoni kama gunia linalongoja mkokoteni. Natazama barabara. Pikipiki za Kichina zimejaa, zote sura moja, zinapita zikipiga kelele kama zinadaiwa na mtu. Katika juma zima nimeona baiskeli mbili tu za kuandikwa. Moja ni ya kijana aliyetoa usukani wa baiskeli akaweka duara la usukani wa lori. Akikata kona anazungusha mikono yote miwili, mate yanamtoka. Ya pili ni ya fundi cherehani aliyejisimikia mwavuli wenye marinda pande zote kama wa chifu. Mara zote mbili niligeuka nikuambie, "Ile pale!" Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta.

Basi nikamwambia Azeta anitolee sandukuni daftari letu la baiskeli za ajabu. Limeliwa na mchwa pembeni lakini linasomeka. Unakumbuka sheria: baiskeli haiingii mpaka ionwe na macho manne. Safu ya shahidi wa kwanza, safu ya shahidi wa pili. Hadithi za kilabuni hatuandiki. Tulianza mwaka 1964 na yule mchinjaji aliyefunga pembe za ng'ombe zikawa usukani, tukafika tisini na tisa. Tukakubaliana kwamba atakayetangulia kuiona ya mia, daftari ni lake maisha.

Asubuhi ile ya Februari 1971 uliingia chumba cha walimu unahema. Ulisema umekutana nayo kwenye daraja la bwawa: mtu ameketi kinyume kwenye baiskeli, mgongo umetangulia, uso umeelekea nyuma, anaitazama mitungi aliyoipakia kwenye keria, huku kioo cha lori begani kinamwonyesha njia. Wote waliangua kicheko. Mwalimu Mkuu akaniuliza, "Nobila, si ulikuwa njia hiyohiyo? Umeiona?"

Nikajibu, "Sijaona kitu. Huyu Msamo jana alikula kichwa cha mbwa mgonjwa."

Niliiona, Prosper. Nilikuwa nyuma yako hatua mia, nimeinama narudisha mnyororo wangu uliochomoka. Nilimwona akikupita, nikakuona ukimpungia. Kisha akanipita mimi. Watu wengine wakikupita wanakuonyesha mgongo. Yule alinipita na akaendelea kunitazama mpaka mwisho wa daraja. Akaniambia, "Habari ya asubuhi, mwalimu," akiwa tayari amekwisha kupita.

Sikutaka daftari liwe lako. Sababu nyingine sina; nimeitafuta miaka thelathini na mitatu nisiione. Nimekuandikia ili unikasirikie, kisha, ukiweza, unisamehe. Usichelewe kujibu.

Mtani wako Mmosi, na bwana wako,
Nobila


Tougan, 27 Januari 2004

Kwa mtumwa wangu mtoro aliyejificha mjini,

Pokea salamu za wazima. Nyonga yangu inakusalimu kwa mlio. Mama watoto anauliza kama bado unakula kama nzige. Mbwa wetu ni wazima, wanene, na wanasema Mmosi akifa watafunga siku tatu kwa huzuni, maana hawatapata mtu mwingine wa kubwekea.

Nimesoma kesi yako. Nimewaita wazee wa Wasamo, tumeketi, tumekunywa pombe ya mtama kwa gharama yako ingawa hukuwapo, na hukumu ni hii: Mmosi hajawahi kuona kitu kabla Msamo hajamwonyesha kwa kidole. Kwa hiyo hukuiona. Ulichoona ni kivuli changu. Kesi imefutwa.

Wewe vipi? Umezeeka ukasahau mila? Mtani hamkosei mtani. Mimi nikiiba kuku wako, kazi yako ni kuniletea chumvi. Babu zetu walitufunga hivyo ili tusichinjane, na wewe, mwalimu mzima, unataka kuja kufungua fundo kwa sababu ya baiskeli!

Kama unataka kufa, kufa kwa adabu kama watu wengine. Mimi nitakuja mazishini kutimiza wajibu wangu. Nitavaa koti lako na kofia yako, nitatembea kama wewe, matako nyuma, kidole hewani, nitawafokea wafiwa: "Kimya darasani!" Kisha nitalala mbele ya jeneza lako na hupiti mpaka wanao wanipe ninachotaka. Kwa hiyo chunga hilo koti lisiliwe na mchwa.

Bwana wako halali,
Prosper


Ouagadougou, 8 Februari 2004

Kwa Prosper Toe,

Salamu. Natumaini nyumba yako yote ni wazima. Mimi miguu imevimba, viatu havinitoshi tena, ila akili ipo.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipokasirika. Sikupaona. Azeta alikuwa jikoni akicheka mpaka akaunguza mchuzi. "Baba, huyu mtani wako atatuua!" Nikamwambia anyamaze. Hajui alichokuwa anachekea.

Prosper, nakuandikia habari ya kosa, wewe unaniletea habari za mbwa. Ni kama mtu anayegonga mlango, na aliye ndani anapiga ngoma kufuatisha mlio huo.

Kwa kuwa unajifanya umesahau, nitakukumbusha. Siku ya pili yake watoto wa darasa la nne walijua. Ulipoingia walikuwa wameketi wote wanatazama ukuta wa nyuma, na kiongozi wao akasema, "Shikamoo, Mwalimu Kinyumenyume." Juma moja baadaye shule nzima ilitembea kinyumenyume ulipovuka uwanja. Mwezi wa Machi muuza karanga wa langoni alikufungia karanga zako, akakupa huku amekupa mgongo. Na kila mara watu walinitazama mimi kwanza, kuona kama nitacheka, maana mimi ndiye mtani wako, mwenye idhini. Nilicheka. Na wewe ulikuwa huna budi kucheka pamoja nami, kwa sababu Msamo anayekasirishwa na utani wa Mmosi atachekwa mpaka kwa wajukuu. Nililijua hilo. Nilikupiga nikiwa nimesimama mahali ambapo mila inakukataza kurudisha.

Kisha akaja mkaguzi kutafuta mwalimu mkuu wa shule mpya. Jina lako lilikuwa la kwanza. Ulinizidi miaka miwili kazini na ulinizidi hesabu. Mkaguzi akauliza mezani, "Toe ni huyu anayeona baiskeli zinazorudi nyuma?" Wakacheka. Ningeweza kusema maneno matatu: hata mimi niliiona. Nilikata kipande cha kuku nikamwekea mkaguzi sahanini. Shule nikapewa mimi. Wewe ukaomba uhamisho ukaenda Tougan, ukaaga kwa mzaha, ukasema unaenda kufundisha mbwa kusoma kabla ya kuwala.

Sikuombi mengi. Vua utani siku moja tu, kama mtu anavyovua kofia kanisani. Niambie kitu cha kweli, hata kiwe tusi. Muda sina.

Nobila, mtani wako


Tougan, 25 Februari 2004

Kwa mtumwa wangu mwenye miguu ya tembo,

Tunashukuru Mungu tu wazima. Dereva wa basi amebeba kokwa kumi na mbili za kola; nane ni za Azeta kwa kuunguza mchuzi, nne zako, uzisage kwa sababu meno umeyamaliza kwa kula mali za watu.

Nivue kofia? Chini ya kofia yangu kuna upara. Ukivuliwa hadharani jua lenyewe litaumia macho. Kaa na kofia yako, nami nikae na yangu, tufike salama.

Juzi jirani aliniuliza, "Huyo Mmosi wako anaumwa nini?" Nikamwambia anaumwa ukweli. Umemwingia uzeeni kama tetekuwanga, na wote tunajua ukiugua tetekuwanga ukiwa mkubwa unateseka kuliko mtoto. Pole. Usijikune.

Bwana wako,
Prosper


Ouagadougou, 3 Machi 2004

Prosper,

Salamu kwako na kwa nyumba yote. Kola zimefika. Sikuzisaga. Niliziangalia nikazirudisha kwenye karatasi yake.

Ulisema nisijikune. Basi nitajikuna mpaka mfupa, kwa sababu barua ya kwanza nilikudanganya. Sikukudanganya kwa neno, nilikudanganya kwa kuishia njiani. Nilitaka kwanza nione kama utanikasirikia kwa dogo, nipate moyo wa kusema kubwa. Hukukasirika. Sasa nasema kubwa hivyohivyo.

Aprili ile ya 1971, kabla mkaguzi hajaja, siku ya Jumanne nilikuwa zamu langoni. Akaja mtu anasukuma baiskeli. Tandiko limegeuzwa nyuma. Usukani umeunganishwa kwa vyuma viwili virefu vilivyopita chini ya mapaja. Kioo cha lori. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

Akasema, "Mwalimu, naitwa Tasere. Mke wangu anafinyanga, mimi nauza. Nimesikia sokoni kuna mwalimu wa hapa anachekwa kwa ajili yangu. Nimekuja nionekane."

Nikamuuliza kwa nini anaendesha vile. Akanijibu kama mtu aliyezoea kuulizwa. "Zamani nilikuwa naangalia mbele. Kila nikifika sokoni, mtungi mmoja umepasuka au mmoja umeibiwa, na sijui wapi wala saa ngapi. Mke wangu akaniambia, we bwana, njia haiibiwi, mbona ndiyo unayoilinda? Basi nikageuka."

Prosper, dirisha la darasa lako lilikuwa wazi. Hatua thelathini. Sauti yako ilikuwa inasikika, unawafundisha saba mara nane. Yule mtu alisikia akauliza, "Si ndiye huyo?"

Nikamwambia, "Siye. Huyo unayemtafuta amehamishwa."

Hukuwa umehamishwa. Nilikuhamisha mimi pale, kwa mdomo, mwezi mmoja kabla ya serikali.

Aliomba maji. Nikampa. Akanywa, akafungua kamba, akashusha mtungi mmoja wa shingo fupi wenye mistari mitatu ya alama za kidole. "Mkimpata huyo mwalimu, mpeni. Mwambieni pole." Akapanda. Akaondoka akinitazama. Kwa namna anavyoendesha, hana njia nyingine ya kuondoka. Alinitazama mpaka alipopotea kwenye kona ya kinu, na mimi nikabaki nimeinua mkono kama mpumbavu.

Mtungi nilikwenda nao nyumbani. Uko barazani kwangu hadi leo. Ulipokuja kumzika mke wangu mwaka 1985 ulichota maji humo kwa kata, ukanywa mara mbili, ukasema, "Wamosi hamna akili lakini maji yenu ni baridi." Nilisimama karibu yako. Nilikuwa na kila nafasi.

Sasa nimemaliza. Hakuna kingine chini yake. Cheka kama unaweza.

Nobila


Ouagadougou, Jumapili ya Pasaka, 11 Aprili 2004

Kwa Prosper,

Salamu za sikukuu. Mkono huu ni wa Azeta, maneno ni yangu. Vidole vyangu havishiki tena kalamu.

Wiki tano. Basi la Tougan linafika Alhamisi na Jumamosi. Nimemtuma Azeta kituoni mara tisa. Dereva anamjua sasa, anatikisa kichwa akiwa bado hajashuka. Jana alimwambia, "Mwambie mzee, barua nikiipata nitapiga honi tangu mtaa wa pili." Tangu hapo kila honi inaniinua kwenye kiti, na mji huu hauna upungufu wa honi.

Nilikuomba unikasirikie, na sasa sijui kama umekasirika, umekufa, au unacheka na wenzako. Je, hii ndiyo adhabu? Kama ndiyo, sema ni adhabu, nijue ninaitumikia.

Mtani wako,
Nobila

(Mimi Azeta naongeza, baba hajui. Mjomba Prosper, amezidiwa. Anaamka na kuuliza habari za basi kabla ya habari za dawa. Kama kuna neno lolote, tafadhali liandike.)


Tougan, 22 Aprili 2004

Nobila,

Nimepokea barua zote mbili. Hapa hakuna mgonjwa.

Nilianza kukujibu mara nne. Kila mara kalamu ilinikimbilia kwenye mbwa, nikachana. Nimekuwa nikikutania miaka thelathini na mitatu, na niligundua sijui tena njia nyingine ya kukuandikia. Utani ulikuwa kamba niliyojifungia mikono yangu mwenyewe ili nisikupige. Wewe umeniomba niifungue. Basi.

Nilijua uliiona. Nilijua siku ileile. Uliingia chumba cha walimu na grisi ya mnyororo vidoleni, na mnyororo wako ulikuwa na tabia ya kuchomokea palepale darajani, kwenye tuta. Nilijua ulisimama. Sikuwa na uhakika kwa asilimia mia, na hiyo asilimia moja ndiyo iliyonila. Mwaka 1972 nilikwenda kwa masista kupimwa macho. Sista akasema, "Mwalimu, macho yako ni ya tai." Nikamwambia anipe miwani hata hivyo. Nimeivaa miaka thelathini na miwili. Nimeona dunia kwa ukungu kwa sababu macho yangu niliyashuku kuliko nilivyokushuku wewe.

Tangu nimefika Tougan sijatazama baiskeli. Ikipita yenye kitu cha ajabu, watoto wanapiga kelele, mimi nainamisha kichwa. Shule sikuililia. Umwalimu mkuu ni funguo nyingi na usingizi kidogo. Lakini barabara ilikuwa yangu. Tangu utoto kitu kilichonipa furaha bila kugharimu ni kusimama kando ya njia na kuona mtu amejitengenezea chombo ambacho hakuna mwingine aliyekifikiria. Ukaninyang'anya hicho.

Na hayo nilikuwa nimeyazoea. Kilichonimaliza ni maji. Mtu ambaye simjui alisukuma baiskeli kutoka kwao, kwenye jua la Aprili, aje aseme Msamo hakudanganya. Aliniletea mtungi. Ukaniacha nichote maji kwenye mtungi wangu mwenyewe, nikakusifu. Nilipofika hapo niliweka barua chini nikatoka nje nikatembea mpaka nyonga ikakataa. Mama watoto alinikuta nimeketi kwenye ukuta wa jirani. Akaniuliza, "Una nini?" Nikasema, "Nina kiu."

Nimekasirika, Nobila. Hicho ndicho ulichoomba, kipokee.

Msamaha sitauandika. Vitu vya namna hiyo havipandi basi peke yake. Nitakuja Alhamisi, tarehe 20 Mei, daktari wa nyonga akishaniruhusu. Nitakuketisha, nitakufokea mpaka majirani watoke, kisha tutaona. Ndiyo, "tutaona", na wewe unajua maana yake. Kazi yako ni moja tu: nikute uko hai. Ukinifia kabla sijakufokea, hilo sitalisamehe.

Prosper Toe


Ouagadougou, 3 Mei 2004

Kwa Prosper Toe,

Salamu. Azeta anaandika.

Umesaini jina lako tupu. Ni barua ya kwanza niliyowahi kupata kutoka kwako. Nimelala nayo kifuani. Imeniuma kila mahali ilipotakiwa kuuma. Asante.

Nimeomba nishikwe mkono nikaandika mwenyewe kwenye daftari. Namba mia. Februari 1971, daraja la bwawa. Maandishi yamepinda kama ya mtoto wa darasa la kwanza lakini yanasomeka. Shahidi wa kwanza: wewe. Shahidi wa pili: mimi. Chini yake nimeandika yote, na langoni, na mtungi.

Siku kumi na saba. Nimemwambia daktari kuna mtu anakuja kunifokea tarehe ishirini, anifikishe. Amecheka. Kila ninayemwambia ukweli siku hizi anacheka. Nimechoka kuchekewa, Prosper. Njoo upesi. Kama kuna basi la mapema, lipande.

Mtani wako, ukiruhusu,
Nobila


Tougan, 30 Mei 2004

Kwa mtumwa wangu Nobila Zoungrana, huko alikokimbilia,

Salamu. Sikuulizi afya. Afya yako nimeiona mwenyewe.

Siku mbili, Nobila! Miaka thelathini na mitatu ulipata nafasi ya kungoja, ukashindwa na siku mbili. Umekufa Jumanne. Nimeshuka basini Alhamisi, hasira yangu nimeibeba njia nzima kama trei ya mayai, sijapasua hata moja. Nimefika langoni nikakuta viti vya kukodi na wanawake wanalia. Nilisimama pale na mayai yangu. Maiti hafokewi. Nilikuwa na maneno nimeyapanga kuanzia Tougan mpaka Ouagadougou, la kwanza mpaka la mwisho, na wewe umelala na pamba puani, mpole kama mtu asiye na deni.

Vijana wakaniona. "Msamo amefika! Msamo amefika!" Wakaanza kucheka tayari, wakanisogezea koti lako. Nilitaka kuwaambia leo siwezi. Lakini ningesema nini? Kilichobaki kati yetu kilikuwa hicho tu. Nikalivaa. Linanibana. Nikavaa kofia. Nikatoa matako nyuma, kidole hewani, nikawafokea, "Kimya darasani! Nani amekufa bila ruhusa?" Wakaanguka kwa kicheko, na shangazi yako akanivuta sikio akalia begani kwangu.

Walipoinua jeneza nikalaza njiani baiskeli ya mpishi wa msibani, nami nikalala juu yake. Nyonga ililia kuliko wafiwa. "Hapiti!" Mwanao mkubwa akaniletea kuku. Nikakataa. Akaleta noti. Nikakataa. "Unataka nini, mzee wetu?"

Nikasema, "Nataka daftari, ukurasa wa mwisho, usomwe kwa sauti, na watu wote wasikie."

Azeta akasoma. Alisoma vizuri, neno kwa neno: daraja, mnyororo, "Sijaona kitu", Tasere, langoni, saba mara nane, mtungi. Mahali pa maji alisoma mara mbili.

Na walicheka, Nobila. Wote. Walimu wastaafu wawili wa zamani zetu walishikana mabega wakifuta machozi. "Huyu Msamo! Mpaka ameandika na kitabu!" Walidhani ni mimi niliyetunga. Mazishini Msamo anamsingizia Mmosi. Ndiyo kazi yake. Ukweli wako ulikuja siku ambayo hakuna anayeruhusiwa kuuamini. Nikapiga kelele, "Ni kweli! Ni mwandiko wake!" Wakacheka zaidi. Azeta peke yake hakucheka. Wakaninyanyua, mmoja mkono, mmoja mguu, wakakupitisha.

Nilirudi Jumamosi. Nimechukua mtungi, ni wangu. Dereva alitaka kuupandisha juu ya basi pamoja na mbuzi. Nikamwambia mtungi huu unataka kutazamwa, nikaupakata. Kwa kuwa mzigo ulikuwa mkubwa nilikaa kiti cha nyuma kabisa, kile kinachoelekea dirisha la nyuma, na miwani niliivua kwa sababu vumbi liliichafua.

Baada ya mji wa Yako basi lilipunguza mwendo. Tukampita mtu. Amesimamisha mlango mzima mbele ya usukani wa baiskeli, mlango wa mbao, wa rangi ya kijani, kukinga upepo. Ametoboa kidirisha cha kuchungulia. Una bawaba, una kitasa. Nilimpungia. Akafungua mlango, akatoa kichwa, akasema kitu, akaufunga tena taratibu kama mtu mwenye wageni sebuleni. Nilimtazama mpaka akawa nukta. Nikageuka. Abiria wote walikuwa wamelala, na pembeni yangu palikuwa na mtungi.

Daftari liko hapa mezani. Nimeandika namba mia na moja, mahali, siku, mlango na kitasa chake. Shahidi wa kwanza ni mimi. Kwenye safu ya shahidi wa pili nimekuandika wewe.

Haya, kataa tena.

Mtani wako,
Prosper